Tuikague Miti ya Nyumbani Kabla Mvua Haijaikagua

Wananchi wa Same na Mwanga, wilaya mbili ambazo kabla ya mwaka 1979 zilikuwa wilaya moja ya Pare, wamezoea kuishi na miti. Kuanzia Hedaru na Makanya katika tambarare kavu hadi Mbaga, Chome, Suji na Gonja huko milimani, ni vigumu kuiona nyumba isiyokuwa na mti karibu yake. Tambarare, mwembe na mwarobaini ndivyo vivuli vya baraza na mahali pa mazungumzo ya wazee. Milimani, mringaringa na mgrevilea huifunika kahawa na migomba, na mkaratusi hutoa nguzo na kuni. Desturi hii ni njema, na hatuna nia hata kidogo ya kuitia doa.

Hata hivyo, mti ni kiumbe hai. Huzaliwa, hukua, huugua, huzeeka na hatimaye hufa. Na mti unaokufa ukiwa umesimama juu ya paa la nyumba huweza kuondoka na uhai wa watu waliokuwa wakiutegemea kwa kivuli. Kila msimu wa mvua unapowadia husikika habari za tawi lililovunja paa, au mti ulioanguka njiani wanapopita watoto wa shule. Baada ya kisa cha namna hiyo watu hukusanyika, hutoa pole, na kusema kwamba hayo ni mapenzi ya Mungu. Sisi hatubishani na imani ya mtu. Tunachosema ni kwamba miti iliyo mingi haianguki bila kutoa taarifa. Taarifa hutolewa miezi mingi, pengine miaka mingi kabla, na yenye kukosekana ni macho ya kuisoma.

Jambo hili linastahili kuzungumzwa sasa kuliko zamani, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni umri wa miti yenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 taifa letu liliendesha kampeni ya Misitu ni Mali, na wananchi wengi waliitikia wito wa kupanda. Miti ya wakati huo ambayo haikukatwa imepita miaka 40. Mkaratusi na mgrevilea, ambayo yote ni wageni kutoka Australia na hukua upesi, katika umri huo huwa imekwisha kuwa miti mikubwa sana. Sababu ya pili ni kwamba kaya zimeongezeka. Baba alipanda miti mpakani mwa shamba. Mwana amejenga nyumba yake mle mle shambani, na mjukuu naye ameongeza chumba na jiko. Mti haukuhama mahali pake, ila watu wameufuata. Uliokuwa mti wa mpakani sasa umekuwa mti wa juu ya kitanda.

Zaidi ya hayo, hatuna budi kufahamu ni nini hasa kinachouangusha mti. Wengi hudhani ni upepo peke yake. Usiku wa kuamkia tarehe 16 Oktoba 1987 dhoruba kali ilipiga kusini mwa Uingereza na kuangusha miti ipatayo milioni 15. Upepo ule ulikuwa mkali, lakini wataalamu walitaja mambo mengine mawili yaliyousaidia: udongo ulikuwa umelowa kwa mvua za siku nyingi, na miti ilikuwa bado imejaa majani. Udongo uliolowa hupoteza nguvu ya kuishika mizizi, na majani mengi huupokea upepo kama tanga la jahazi. Mambo hayo matatu, yaani udongo mbichi, majani tele na upepo, hukutana katika milima yetu kila mwaka nyakati za vuli na masika. Kwa hiyo wakati wa kuikagua miti ni kabla ya misimu hiyo kuanza, yaani mwezi Septemba na mwezi Februari, wakati ardhi ingali kavu na mtu anaweza kupanda au kukata bila kuteleza.

Je, mwananchi asiyekuwa na elimu ya misitu aangalie nini? Tungependa kueleza kwa utaratibu, tukianzia chini.

Mizizi ndiyo ya kwanza, kwa kuwa mti uliokatika mizizi huanguka mzima mzima. Watu wengi huamini kwamba mizizi ya mti hushuka ardhini kwa kina kilicho sawa na urefu wa mti wenyewe. Sivyo. Sehemu kubwa ya mizizi hukaa karibu na uso wa ardhi, haizidi kina cha mita moja, na hutambaa mbali kupita kivuli cha matawi. Ndiyo maana mfereji mmoja wa bomba la maji, ukichimbwa hatua mbili kutoka kwenye shina, unaweza kuukata upande mzima wa mizizi na mwenye nyumba asishtuke. Aangalie basi kama udongo umepasuka au umeinuka upande mmoja wa shina. Na kama ardhi hiyo hutikisika pale upepo unapovuma, hapo pana hatari kubwa. Aangalie pia kama pamechipuka uyoga shinani au juu ya mizizi, hasa ule mgumu unaojitokeza kama sahani iliyobandikwa. Uyoga huo si pambo. Ni tunda la ugonjwa ambao umekwisha kuila mbao iliyo ndani.

Katika milima ya Pare liko jambo moja la mizizi ambalo linahitaji mkazo wa pekee. Kiwanja cha nyumba huku hakipatikani ila kwa kuuchonga mlima: udongo hukatwa upande wa juu, na kifusi humwagwa upande wa chini mpaka pakawa tambarare. Kazi hiyo moja hujeruhi miti miwili. Mti ulioko juu ya kiwanja hukatwa mizizi ya upande wa bondeni, ile inayoutegemeza kama nguzo, ukabaki umesimama ukingoni ukiitazama nyumba. Mti ulioko chini hufukiwa shina kwa kifusi, na mizizi yake, iliyozoea kupata hewa karibu na uso wa ardhi, huanza kufa kwa kukosa pumzi. Yote miwili haionyeshi dalili mwaka ule ule. Huendelea kutoa majani kwa miaka kadhaa kwa akiba iliyonayo, na mwenye nyumba husahau kabisa kwamba aliwahi kuijeruhi. Kwa hiyo yeyote aliyechonga kiwanja katika miaka ya karibuni aitazame miti hiyo miwili kwa jicho kali kuliko mingine yote.

Baada ya mizizi lifuate shina. Wako wanaouogopa kila mti ulioinama, na wako wasiojali hata mti uliolala nusu. Wote wawili wanakosea. Mti ulioinama tangu utoto, kwa kutafuta jua, hujirekebisha: shina huinama kisha ncha yake hurudi kuelekea juu, na mizizi ya upande wa nyuma huwa minene. Mti wa namna hiyo waweza kudumu miaka mingi. Wa kuogopwa ni mti uliokuwa wima mwaka jana na mwaka huu umeinama moja kwa moja kama nguzo iliyosukumwa, huku udongo wa nyuma yake ukiwa umefura. Huo haungojei kamati.

Vivyo hivyo kwa mti wenye uwazi ndani. Gonga shina kwa mgongo wa shoka, mahali mbalimbali, usikilize. Mbao nzima hutoa sauti kavu na fupi. Mbao iliyooza hulia kama ngoma. Lakini uwazi peke yake si hukumu ya kifo. Mibuyu ya tambarare hudumu kwa karne nyingi ikiwa na matumbo matupu, kwa kuwa nguvu ya shina, kama ya mwanzi, imo zaidi katika ukuta wake wa nje. Kanuni inayotumiwa na wataalamu ni kwamba ukuta wa mbao nzima usipungue kama theluthi moja ya umbali kutoka katikati ya shina hadi ukingoni. Shina ambalo umbali huo ni sentimita 30 linahitaji walau sentimita 10 za mbao nzima kulizunguka pande zote. Likiwa na tundu kubwa ubavuni, hesabu hiyo haitoshi tena.

Mahali pengine pa kutazama ni panda, pale shina linapogawanyika kuwa mawili. Panda pana iliyo wazi kwa kawaida ni imara. Panda nyembamba, ambayo magome ya pande mbili yamebanana ndani yake, haikuungana kwa mbao, na uzito ukizidi hupasuka kama kuni. Ufa ukionekana hapo, au utomvu na maji machafu yakitiririka, mwenye mti ajue kwamba kazi ya kupasuka imekwisha anza. Mchwa nao wana habari yao. Mchwa wengi hupenda mbao iliyokufa. Wakitoka katika nyufa za mti ulio hai, wanatuambia kuna nini ndani.

Mwisho ni juu. Matawi makavu ni lazima yaondolewe, maana hayo yataanguka. Lisilojulikana ni siku tu. Ncha ya mti ikikauka, au majani yakiwa haba na madogo kuliko ya miti jirani ya aina ile ile, sababu hutafutwa kwenye mizizi. Kila mti una tabia yake pia. Matawi ya mgrevilea na ya mparachichi huvunjika kwa urahisi, na mparachichi huongezewa mzigo wa matunda. Mkaratusi mkubwa huweza kuangusha tawi zima hata siku ambayo hakuna upepo. Mwembe una majani mazito yanayoshika maji na upepo kwa pamoja.

Tukiisha kuzijua dalili, tusikimbilie shoka. Mti mbovu ulioko bondeni, mahali ambapo hapapiti mtu wala mnyama, hauna madhara kwa yeyote. Uachiwe nyuki na hondohondo. Hatari huwapo pale udhaifu wa mti unapokutana na kitu kilicho chini yake. Pengine dawa ya kwanza, tena ya bure, ni kukihamisha kitu hicho: benchi la wageni, banda la mbuzi, jiko la nje, au mahali wanapochezea watoto. Dawa ya pili ni kupunguza matawi. Na hapa tunapenda kukemea mtindo wa kuukata mti kichwa chote kwa kudhani kwamba kuufupisha ndiko kuutengeneza. Mti uliokatwa kichwa huoza pale ulipokatwa, kisha huchipua matawi mengi yaliyoshikwa na gome tu, na baada ya miaka michache hatari huwa kubwa kuliko ya awali. Tawi likatwe karibu na shina bila kulijeruhi shina lenyewe, na uzito wake utangulizwe kuondolewa ili lisichane gome linapoanguka. Kuukata mti wote ni dawa ya tatu, ya pale ambapo mbili za kwanza hazifai.

Tunasema hivyo kwa sababu woga nao una hasara yake. Mti mkubwa si lazima uwe mti mbovu. Mti mrefu kuliko yote iliyopimwa katika Afrika uko kwa jirani zetu, katika bonde la Mlima Kilimanjaro. Habari zake zilitangazwa mwaka 2016: urefu wake ni mita 81.5, na umri wake ulikadiriwa kuwa zaidi ya miaka 500. Umesimama muda wote huo kwa sababu umekingwa na bonde, umezungukwa na wenzake, na hakuna aliyechimba mizizi yake. Kinyume chake, mti uliokulia katikati ya wenziwe, ukiachwa peke yake baada ya wengine kukatwa, hupigwa na upepo ambao haukuwahi kujiandaa kuupokea. Anayekata miti kumi na kubakiza mmoja karibu na nyumba kwa ajili ya kivuli ajue kwamba huo mmoja amekwisha kuudhoofisha.

Tena sisi tuishio na milima tunayo sababu nyingine ya kutoangusha miti ovyo. Mwezi Novemba 2009, baada ya mvua kubwa, mlima uliporomoka katika kijiji cha Goha, upande wa Mamba Myamba wilayani Same, ukafukia nyumba na kuua watu zaidi ya 20. Maporomoko huletwa na mambo mengi: ukali wa mteremko, aina ya udongo, wingi wa maji, na jinsi ardhi ilivyotumiwa. Lakini mizizi ya miti ni miongoni mwa vitu vichache vinavyoushika udongo wa juu, na mwanadamu anaweza kuvipanda kwa mikono yake. Mti unapokatwa, mizizi yake haiachi kazi siku hiyo. Huendelea kuushika udongo kwa miaka michache huku ikioza. Ndiyo kusema kwamba mteremko uliokatwa miti leo utakuwa dhaifu zaidi baadaye, wakati watu wamekwisha kusahau. Kwa hiyo mti wa hatari ulioko mteremkoni ukikatwa, kisiki kisichimbuliwe, na msimu ule ule upandwe mti mwingine wa kushika zamu. Huo mpya upandwe mbali na nyumba kwa kadiri ya urefu utakaofikia, na mikaratusi isisogezwe kwenye chemchemi wala kwenye ndiva zetu, kwani hunywa maji mengi.

Sasa tuje kwenye upande wa uongozi, maana hapa ndipo mambo mengi hukwama. Mti wa hatari mara nyingi ni mti wenye mashauri. Umesimama mpakani, na kila jirani anasema ni wa mwenzake ukiwa mbovu, lakini ni wake ukipasuliwa mbao. Au ni mti wa ukoo, na kaka mkubwa yuko Dar es Salaam. Au mwenyewe ni bibi kizee anayeishi na wajukuu, asiyekuwa na fedha za kumlipa mwenye msumeno. Mashauri yakiendelea, mvua haipokei ahirisho.

Iko pia habari ya vibali. Taratibu za kukata miti zimewekwa kwa sababu njema, na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inastahili kuheshimiwa. Tunajua wako watu ambao jina la mti wa hatari kwao ni mlango wa kujipatia mbao. Lakini wako pia waliotoa taarifa kwa nia safi, wakaambiwa warudi kesho, na kesho ikawa wiki kadhaa. Dawa ya udanganyifu wa wachache haiwezi kuwa ucheleweshaji kwa wote. Dawa ni ukaguzi wa wazi, unaofuata dalili na kuandikwa.

Tunapendekeza basi mambo manne. Kwanza, kila serikali ya kijiji, na kila mtaa katika mji wa Same, iteue watu watatu wenye uzoefu wa miti, wakapewe maelekezo na Bwana Misitu wa wilaya, wapite kaya kwa kaya kila mwezi Septemba na Februari. Pili, taarifa ya watu hao iwe ya maandishi, nakala moja kwa mwenye mti na nyingine kwa mtendaji, ili jirani asiweze kusema hakuambiwa. Na ombi la kibali lenye taarifa hiyo lijibiwe kwa siku, si kwa miezi. Tatu, shule, zahanati, minada na nyumba za ibada zianze kabla ya kaya za watu binafsi, kwa kuwa huko hukusanyika wengi, na mti wa wote huangaliwa na wachache. Nne, mti ulioko karibu na nyaya za umeme usiguswe na mtu yeyote hadi TANESCO waitwe. Na waya ukianguka pamoja na tawi, watu wakae mbali nao hata kama unaonekana umekufa.

Na kwa wale wasio na uwezo, Wapare hawahitaji kufundishwa na mtu. Neno msaragambo ni la kwao. Kwa msaragambo zimechimbwa ndiva na mifereji, zimetengenezwa barabara, yamejengwa madarasa. Vijana wachache wenye kamba, misumeno na kiongozi mwenye akili tulivu wanaweza kumwondolea bibi kizee tawi bovu kwa asubuhi moja. Kijiji kinachongoja limwangukie ndipo kikusanyike kwa mazishi kitakuwa kimetumia watu wale wale na muda ule ule, lakini kimeutumia kwa kuchelewa.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mti wa nyumbani ufa huo huonekana kwa macho, na gharama ya kuutazama ni kuzunguka shina mara moja, kuinama, kugonga na kuinua uso juu. Tunawasihi wakuu wa kaya wafanye hivyo kabla ya mvua zijazo, na tunawataka viongozi wa vijiji wasingoje barua kutoka wilayani ndipo waanze.